Bhutan: Nchi Inayotoza kwa Usiku na Kukataa Haraka

Anayepanga safari ya Bhutan huanza na hesabu ya fedha, na ni sawa aanzie hapo. Ufalme huu wa Himalaya, uliobanwa kati ya Tibet upande wa kaskazini na India pande zilizobaki, una watu wasiofika 800,000, na humtoza mgeni dola 100 za Marekani kwa kila usiku anaolala ndani ya mipaka yake. Fedha hizo haziingii hotelini wala hazimlipi dereva. Zinakwenda serikalini kwa jina la Ada ya Maendeleo Endelevu, na serikali inaeleza kuwa inazitumia kwa mambo kama afya na elimu ya bure na utunzaji wa misitu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya umri huo halipi kitu. Raia wa India hulipa ngultrum 1,200, ambazo ni sawa na rupia 1,200 kwa kuwa thamani ya sarafu hizo mbili imefungwa pamoja. Mgeni kutoka kwetu Afrika Mashariki ataongeza dola 40 za viza, ambazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa.

Bei hii husomwa vibaya mara kwa mara. Hadi mwaka 2022 utaratibu ulikuwa mwingine: mgeni alinunua kifurushi cha dola 200 au 250 kwa siku, kutegemea msimu, na ndani yake mlikuwa na kitanda, chakula, gari, mwongozaji na dola 65 za serikali. Nchi ilipofunguliwa upya Septemba 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, kifurushi kiliondolewa na ada ya serikali peke yake ikapandishwa hadi dola 200. Septemba 2023 ikashushwa hadi 100, na punguzo hilo limepangwa kudumu hadi mwisho wa Agosti 2027. Kwa hiyo anayesema Bhutan imeshuka kutoka 250 hadi 100 analinganisha vitu visivyolingana. Dola 100 ya leo haina hata kikombe cha chai ndani yake. Ukipewa bei na wakala, mwombe aichambue: ya serikali kiasi gani, chumba kiasi gani, gari, mwongozaji, na viingilio vya ngome na mahekalu. Hivi vya mwisho hulipwa mlangoni mahali pengi, na vikijumlishwa vinaweza kukushtua.

Mtu akishaielewa ada, wazo la kwanza linalomjia ni kupunguza siku. Usiku 7 ni dola 700 kabla hujala wala kulala; usiku 4 ni 400. Anajiambia atakimbia, aone yote kwa siku chache, aondoke. Naamini hapo ndipo safari nyingi za Bhutan zinapoharibika, kwa sababu nchi yenyewe haikubali kukimbiwa. Barabara zake haziruhusu, na kimo chake hakiruhusu. Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka katika mvutano huo: ada inakusukuma ufupishe, milima inakutaka utulie. Yanayopaswa kupunguzwa ni mabonde utakayofika. Siku uziache.

Ada hii ina historia yake, na kuijua kunasaidia kuilipa bila kinyongo. Bhutan ilianza kupokea watalii wa kulipia mwaka 1974, mwaka aliotawazwa Mfalme Jigme Singye Wangchuck, na tangu mwanzo ilichagua wageni wachache wanaolipa vizuri. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua sera ya namna hii: Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani hadi dola 1,500 mwaka 2017 kwa mantiki hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Rwanda inatoza kwa saa moja na sokwe, na Bhutan inatoza kwa kuwepo tu. Sera haikuzuia msongamano kikamilifu. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya 300,000, wengi wao kutoka India, ambao wakati huo hawakuwa wakilipa ada hii kabisa. Ile ngultrum 1,200 ya leo ni jibu la hali hiyo. Hata hivyo, ukilinganisha na njia za Nepal zilizojaa wapanda milima, Bhutan bado ina nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ndiyo unayoinunua.

Sasa barabara. Barabara ya kwanza ya magari, kutoka mji wa mpakani wa Phuentsholing hadi mji mkuu Thimphu, ilikamilika mwaka 1962. Kabla ya hapo watu walitembea au walipanda nyumbu. Barabara kuu inayokata nchi kutoka magharibi hadi mashariki hupinda kufuata mbavu za milima, hupanda hadi kwenye kipito, hushuka bondeni, kisha hupanda tena. Paro hadi Thimphu ni kilomita 50 hivi, na hapo ni lami nzuri, saa moja na ushee. Thimphu hadi Punakha ni kama kilomita 70, lakini weka karibu saa tatu, maana unapanda hadi kipito cha Dochula kwenye mita 3,100 ndipo ushuke hadi mita 1,200 kwenye joto na mashamba ya mpunga. Kutoka Thimphu hadi Bumthang, katikati ya nchi, ni siku nzima garini, na wenye kutapika kwenye kona wajiandae na dawa mapema. Wakala anayekuuzia Bumthang kwa safari ya usiku 5 anakuuzia dirisha la gari. Kuna ndege ndogo za ndani za kwenda huko, ila hutegemea hali ya hewa, na haifai kuifunga ratiba nzima kwenye ndege hizo.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza na ana wiki moja, napendekeza mabonde manne tu: Thimphu usiku mbili, Punakha mbili, Phobjikha mmoja, Paro mbili za mwisho. Ratiba hiyo inakutoa kwenye kimo cha kati, inakushusha Punakha ambako mwili unapumzika, inakupandisha Phobjikha kwenye karibu mita 3,000, kisha inakurudisha Paro ukiwa umezoea hewa nyepesi, tayari kwa mpando mgumu wa safari nzima. Wanaoweka mpando huo siku ya kwanza kwa sababu uko karibu na uwanja wa ndege wanajitesa bure.

Kuhusu kimo, watu wa kwetu hawako sawa. Aliyezaliwa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, au Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, hataona tofauti kubwa akifika Thimphu, iliyo kwenye mita 2,300 na ushee, chini ya kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Aliyetoka Dar es Salaam, Mombasa au Unguja atashangaa kuhema kwenye ngazi za hoteli. Kichwa kuuma kidogo na usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kwanza ni kawaida. Kunywa maji, achana na pombe, tembea taratibu. Kutapika, kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni mambo ya kushuka mara moja na kutafuta daktari. Wanaotumia dawa ya asetazolamidi wazungumze na daktari kabla ya kuondoka nyumbani. Wenye shinikizo la damu, selimundu au moyo nao wafanye hivyohivyo, na wasione haya kumweleza mwongozaji hali zao. Hospitali kuu ya rufaa iko Thimphu. Mgonjwa mahututi huenda akahitaji kupelekwa India au Bangkok, na gharama ya hilo bila bima inaweza kuifilisi familia.

Kuingia nchini kunataka mpangilio. Hakuna ubalozi wa Bhutan Afrika Mashariki. Viza huombwa mtandaoni, na mwenyewe au na wakala, na ada ya usiku zote hulipwa mapema. Ndege za kimataifa hutua Paro, na mashirika yanayotua hapo ni mawili ya nyumbani, Drukair na Bhutan Airlines, yakitokea miji kama Delhi, Kolkata, Kathmandu na Bangkok. Kwa hiyo kuna safari mbili ndani ya moja, na mara nyingi tiketi mbili tofauti. Tiketi zikiwa tofauti, huenda ukalazimika kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, na kwa kufanya hivyo ukaingia rasmi India au Thailand. Uliza habari za viza ya nchi hiyo ya katikati kabla ya kulipia chochote.

Kisha kuna kadi ya manjano. Hili nalisisitiza kwa sababu waongozaji wa kigeni hulipitia kwa mstari mmoja, wakati kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mkongo ndilo linaloweza kuiua safari. India na Thailand zote hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka nchi nyingi za ukanda wetu. India humweka karantini hadi siku 6 anayefika bila cheti halali. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Hakikisha jina kwenye kadi linafanana na la pasipoti, na kadi ikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kutua Paro kunajulikana duniani. Uwanja uko kwenye bonde jembamba, mita 2,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, na marubani wachache tu wana idhini ya kutua hapo. Hutua mchana peke yake na kwa kuona kwa macho. Ndege hukata kona kati ya vilima, mabawa yakipita karibu na paa za nyumba za wakulima, ndipo njia ya kurukia inapotokea ghafla mbele. Ukungu ukiziba bonde, ndege husubiri au hugeuzwa. Ukitokea Delhi au Kathmandu, omba kiti cha kushoto: siku ya anga safi utaiona Everest ikipita dirishani.

Msimu huamua mengi. Oktoba na Novemba anga huwa safi na milima huonekana. Machi hadi Mei maua hufunika vilima, ingawa ukungu huongezeka. Juni hadi Septemba ni mvua za monsuni, maporomoko ya udongo hufunga barabara, na ruba husubiri msituni. Desemba hadi Februari ni baridi kali asubuhi na usiku, lakini mchana ni jua, wageni ni wachache, na kwa maoni yangu ndiyo siri nzuri ya nchi hii kwa anayevumilia baridi. Huo pia ni wakati wa korongo wenye shingo nyeusi, ndege wanaoshuka kutoka Tibet mwishoni mwa Oktoba na kukaa Phobjikha hadi Februari au Machi. Anayetaka tamasha la vinyago na ngoma za watawa, tshechu, aelekee Paro majira ya kuchipua au Thimphu kati ya Septemba na Oktoba, na aweke nafasi miezi mingi kabla. Tarehe hufuata kalenda ya mwezi, hivyo hubadilika kila mwaka.

Mpando niliousema ni wa Taktsang, monasteri ya mwaka 1692 iliyogandamana kwenye jabali, mita kama 900 juu ya bonde la Paro. Mapokeo yanasema Guru Rinpoche, aliyeeneza Ubuddha katika nchi hizi, alifika kwenye pango lake karne ya 8 akiwa mgongoni mwa chui milia wa kike. Moto uliiteketeza mwaka 1998 na ikajengwa upya. Anza saa moja asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya makundi. Njia ni ya vumbi chini ya misonobari, na bendera za maombi zimetandazwa kutoka mti hadi mti. Farasi hukodishwa kwa anayehitaji, lakini hukufikisha nusu ya njia tu, kwenye mgahawa, na kushuka ni kwa miguu. Mgahawani utaiona monasteri ng'ambo na utadhani umefika. Bado. Njia hupanda hadi ulingane nayo kwa kimo, kisha ngazi za mawe hukushusha bondeni hadi kwenye maporomoko ya maji, na ngazi nyingine hukupandisha hadi langoni. Hapo askari hukagua, na simu, kamera na begi vyote hubaki kwenye kabati. Viatu huvuliwa. Ndani ni vyumba vidogo, harufu ya siagi ya taa, mbao zilizolainishwa na nyayo. Jipe siku nzima, na jioni yake usipange kitu.

Adabu za mahekalu si ngumu kwa mtu aliyelelewa pwani au katika nyumba yenye heshima kwa wazee: mikono na miguu ifunikwe, kofia ivuliwe, sauti ishushwe. Yasiyozoeleka ni machache. Nguzo za kumbukumbu ziitwazo chorten, na magurudumu ya maombi, huzungukwa kwa kufuata mwendo wa saa. Usimnyooshee mtu wala sanamu nyayo ukiwa umekaa. Ndani ya vyumba vya ibada hakupigwi picha. Na kwa wanaosafiri na wakwe, watoto au masheikh wao, niseme wazi: karibu na hekalu la Chimi Lhakhang, kule Punakha, kuta za nyumba nyingi zimechorwa uume mkubwa wa rangi. Ni alama ya kinga na uzazi, inayohusishwa na mtawa Drukpa Kunley wa karne ya 15 na 16, na wenyeji hawaioni kuwa uchafu. Afadhali kila mtu katika msafara aelezwe mapema.

Chakula kinachoshika meza zote ni ema datshi, pilipili zilizopikwa kwa jibini. Pilipili hapa ni mboga yenyewe, haziwekwi kuchangamsha kitu kingine, na Mswahili anayejisifu kwa pilipili mbuzi atakutana na wenzake. Huliwa na wali mwekundu. Hotelini hupunguza ukali, hivyo anayetaka ladha ya kweli aombe chakula cha dereva. Waislamu wajue kwamba nyama nyingi huletwa kutoka India na si rahisi kuthibitisha imechinjwa vipi. Mboga, mayai, dengu na aina zote za datshi zitawatosha wiki nzima. Wavuta sigara nao wajiangalie: marufuku ya kuuza tumbaku iliondolewa mwaka 2021, lakini kuvuta sehemu nyingi za umma bado ni kosa.

Mwongozaji ni lazima ukitoka nje ya Thimphu na Paro, na wengi huona hilo kuwa mzigo. Mimi naliona kuwa sehemu bora ya gharama, mradi uchague. Muulize wakala ni nani atakayekuongoza, ametoka bonde gani, anapenda nini: ndege, historia, kupanda milima. Waongozaji huongea Kiingereza vizuri, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia shuleni. Mtakaa garini saa nyingi pamoja. Humo ndimo utakapoijua nchi. Mwisho wa safari mpe bahashishi yeye na dereva, kila mmoja mkononi mwake. Kwa ajili hiyo na kwa masoko, beba dola taslimu, maana kadi za benki za kigeni hugoma mara kwa mara nje ya hoteli kubwa.

Muulize pia kuhusu furaha. Bhutan inajulikana kwa kupima Furaha Jumla ya Taifa, fikra iliyoanzishwa na mfalme huyohuyo wa 1974, na mambo mengi yanayosifiwa ni ya kweli: katiba ya 2008 inataka angalau asilimia 60 ya nchi ibaki msitu daima, na milima inayoabudiwa haipandwi, ndiyo maana Gangkhar Puensum, wenye mita 7,570, haujawahi kufikiwa kileleni. Lakini mgeni anayelipa ada ya heshima kwa nchi anapaswa kuijua nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Nepali, Walhotshampa wa kusini, walifukuzwa au walikimbia, wakaishi kambini mashariki mwa Nepal kwa karibu miaka 20. Kuanzia 2007 wengi walihamishiwa nchi za mbali, hasa Marekani. Sisi tulioishi jirani na kambi kama za Kigoma na Kakuma tunajua miaka ya kambini inamfanya nini mtoto. Leo vijana wengi wa Bhutan wenyewe wanaondoka kwenda Australia kusoma na kufanya kazi, na miji inawapoteza walimu na wauguzi. Hayo si mazungumzo ya siku ya kwanza, na jambo la Walhotshampa usimlazimishe mtu alijibu mbele za watu. Siku ya nne au ya tano, barabarani kuelekea Phobjikha, dereva mwenyewe atakuambia ndugu yake yuko Perth.

Ukifika wakati wa kuondoka, badilisha ngultrum zote kabla ya kupanda ndege, kwa sababu nje ya Bhutan na miji ya mpakani mwa India ni vigumu kumpata wa kuzipokea. Usiunganishe ndege ya Paro na ndege ndefu ya kurudi Afrika siku hiyohiyo. Ukungu wa asubuhi ukikaa bondeni saa tatu, tiketi yako ya Delhi au Bangkok imepotea, na aliyenunua tiketi mbili tofauti hana wa kumdai. Weka usiku mmoja wa akiba katika mji wa katikati. Huko hakuna ada ya dola 100.